Fidia ya Ajali ya Basi: Ni Haki ya Nani, na Nani Anaweza Kuisamehe?



Inapotokea ajali ya basi au daladala, mara nyingi wazee huwahi kusema: "Ni Qadar ya Allaah, tumesamehe," na karatasi hutiwa saini hata majeruhi hajatoka hospitali. Kuridhika na Qadar ni wajibu wa Muislamu, lakini hakufuti haki ya aliyedhurika. Suratun-Nisaa aya ya 92 inazungumzia kuua kwa bahati mbaya, na bado imewajibisha diya kwa ahli wa maiti, isipokuwa wenyewe wakiisamehe.

Dereva anawajibika lini?

Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio namba 71 lililotolewa Brunei mwaka 1993, imeamua kuwa dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, hata kama hakukusudia. Haimlazimu ikiwa ajali imetokana na jambo lisiloweza kuzuilika, au kosa la aliyedhurika mwenyewe, au la mtu mwengine. Akiwa na kosa na mtu akafa, ana kafara pia: kufunga miezi miwili mfululizo. Hiyo ni baina yake na Allaah, hakuna wa kumlipia.

Kiasi chake katika Fiqhi

Diya kamili ni ngamia 100. Jicho moja, mkono mmoja au mguu mmoja ni nusu ya diya. Kidole ni ngamia 10 na jino ni ngamia 5. Jeraha lisilowekewa kiwango hukadiriwa na Qaadhi.

Nani mwenye haki?

1. Fidia ya jeraha ni ya majeruhi peke yake. Si ya mume, baba wala ndugu aliyeifuatilia.

2. Fidia ya kifo ni mirathi. Hulipiwa madeni na wasia, kisha hugaiwa warithi wote, mjane akiwemo. Zanzibar, mgao wa mirathi hufanyika kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

3. Kila mrithi aliyebaleghe na mwenye akili anaweza kusamehe fungu lake tu. Ami au babu hawezi kusamehe fungu la yatima. Akifanya hivyo, amegusa mali ya yatima.

Je, pesa za bima ni halali?

Majma' imeiharamisha bima ya biashara tokea mwaka 1985. Lakini majeruhi hakuingia katika mkataba huo. Yeye anadai haki yake kwa aliyemdhuru, na kampuni inalipa kwa niaba ya huyo. Kwa hivyo anaruhusika kupokea kwa kiasi cha haki yake. Kuongeza maumivu au risiti za uongo ni dhulma.

Hatua za kufuata

- Ripoti polisi na upate fomu ya PF3.
- Hifadhi tiketi, andika namba ya gari na jina la kampuni ya bima.
- Weka vyeti na risiti zote za matibabu.
- Usitie saini makubaliano ya mwisho kabla daktari hajathibitisha hali yako. Suluhu inajuzu, lakini kwa hiari na kwa kujua unachokiacha.
- Tanzania Bara, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha bima ya mtu wa tatu, na abiria wa gari la kukodi kiti anaingia humo. Muda wa kufungua madai ya madhara huko ni miaka 3. Aliyepata ajali Bara asirudi kisiwani akanyamaza.
- Bima ikikataa au ikichelewesha, peleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, inayosimamia Bara na Zanzibar.

Kusamehe ni fadhila kubwa, lakini ni fadhila ya mwenye haki anayetoa kilicho chake.

Wa Allaahu A'lam.