Tarakilishi isiyo na diski ikigoma, chanzo kisakwe hatua kwa hatua

TARAKILISHI isiyo na diski, inapowashwa, haina pa kuanzia ila kadi yake ya mtandao. Mfumo endeshi, programu na faili za watumiaji huwa katika seva, nayo huviomba kupitia kebo kila inapoamka. Shule na maktaba nyingi hupendelea mpangilio huu kwa kuwa mashine kuukuu hupata kazi tena, na mtunzaji hushughulika na seva moja tu. Hata hivyo, hitilafu moja inaweza kulaza darasa zima.

Fundi mgeni katika kazi hii aghalabu hukimbilia bisibisi na kufungua kasha. Huko ni kupoteza wakati. Kuamka kwa mashine hii ni mazungumzo kati yake na seva, na anayejua yalikatikia wapi amekwisha kukikaribia chanzo.

Utaratibu unaotumiwa zaidi ni PXE, ambao ulienezwa na kampuni ya Intel mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwanza, kadi huomba anwani ya IP kwa itifaki ya DHCP. Pamoja na anwani hiyo, huelezwa jina la faili ya kuanzishia na seva iliyo nayo. Kisha huivuta faili kwa TFTP, itifaki sahili iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwishowe kiini cha mfumo endeshi hushika usukani na kuitafuta hifadhi yake kwenye seva, mara nyingi kwa njia ya NFS.

Kadi nyingi huandika msimbo kwenye skrini zinaposhindwa. PXE-E61 humaanisha kuwa kadi haihisi kebo yoyote. PXE-E53 ni kwamba anwani imepatikana bila jina la faili. Hapo mara nyingi kifaa cha intaneti kilicho kwenye mtandao huo huo ndicho kilichowahi kujibu badala ya seva. PXE-E32 huonyesha kuwa huduma ya TFTP haijibu: ama imezimika, ama ukuta wa kinga wa seva umefunga lango nambari 69.

PXE-E51 ndio unaosumbua zaidi. Maana yake ni kuwa ombi la DHCP halikujibiwa. Swali la kwanza ni iwapo mashine zote zimegoma au moja tu. Ikiwa ni moja, kebo yake na tundu lake kwenye swichi vichunguzwe. Zikiwa zote, seva itazamwe. Umeme unaporejea baada ya kukatika, mashine huwaka kwa sekunde chache ilhali seva huchukua dakika kadhaa. Huomba, hukosa jibu na kukata tamaa. Kuziwasha upya hutosha, ingawa heri seva na swichi ziwekewe betri za akiba.

Kuna pia swichi ambazo hunyamazisha tundu kwa takriban sekunde 30 kila kebo inapoamka, zikihakikisha kwamba mtandao haujizunguki. Mashine nyingine haziwezi kungoja muda huo. Swichi ndogo ya kawaida ikichomekwa katikati na tatizo likatoweka, mshukiwa amepatikana, na mpangilio wa swichi kubwa urekebishwe ili matundu ya mashine yafunguke papo hapo.

Mashine mpya zina mtego wao. Zinazotumia UEFI haziwezi kuendesha faili ya kuanzishia iliyoundwa kwa BIOS ya zamani. Faili huvutwa vizuri, kisha skrini hurudi kwenye menyu bila maelezo ya maana. Seva haina budi kutoa faili tofauti kwa kila aina.

Kiini kikishapakiwa kisha kilalamike kuwa hakioni mtandao, fundi hushangaa, kwani kadi hiyo hiyo ndiyo iliyokileta. Sababu ni kwamba PXE hutumia programu iliyomo ndani ya kadi, ilhali kiini huhitaji kiendeshi chake chenyewe. Kiendeshi hicho kiongezwe katika faili ya awali inayopakiwa pamoja na kiini.

Iwapo skrini haisemi lolote, kumbukumbu za seva zisomwe. Kila kadi ina anwani yake ya MAC; ikikosekana humo, ombi halikufika, na msako urudi kwenye kebo na swichi.