Saratani ya Ubongo: Jinsi Waganga Walivyopambana Nayo

Leo somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ugonjwa mkali uitwao glioblastoma, yaani saratani inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe.

Mwaka 1884 mkulima mmoja wa Scotland, kijana wa miaka 25, alikuwa amelazwa hospitali mjini London. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepooza, na kichwa kilimwuma mno. Siku hizo haikuwapo mashine ya kuona ndani ya fuvu. Daktari Bennett alifikiri hivi: mkono wa kushoto huendeshwa na upande wa kulia wa ubongo; basi uvimbe uko kulia. Tarehe 25 Novemba, mpasuaji Rickman Godlee alitoboa fuvu mahali pale, akaukuta uvimbe wa jamii hiyo ya saratani, akautoa. Lakini kidonda kiliingia vijidudu, na baada ya wiki nne kijana akafa.

Baadaye wapasuaji waliushinda uchafu wa vidonda, lakini ugonjwa ulizidi kurudi. Kwa nini? Fikirini shamba lenye ndago. Ukikata majani tu, vilivyobaki chini huchipua tena. Saratani hii nayo hupenyeza chembe zake katikati ya ubongo mzima, mahali ambapo jicho halioni na kisu hakifiki. Mwaka 1928 Walter Dandy wa Marekani alieleza jinsi alivyowaondolea wagonjwa nusu ya kulia ya ubongo. Hata hivyo ugonjwa haukukomeshwa.

Basi ikatafutwa njia ya kuzifuata chembe zilizobaki. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1978 ulionyesha kwamba, baada ya kupasuliwa, wasiopewa mionzi waliishi kadiri ya wiki 14, na waliopewa waliishi kadiri ya wiki 35. Mwaka 2005 ikathibitishwa kuwa dawa ya vidonge, temozolomide, ikiungana na mionzi, husaidia zaidi. Kwa mionzi peke yake, katika wagonjwa 100 walikuwa hai 10 baada ya miaka miwili. Kwa mionzi na dawa, 26.

Ndugu zangu, 26 si 100. Ugonjwa huu bado ni mgumu kuponywa. Lakini miezi inayopatikana si kitu kidogo kwa mzazi mwenye watoto.

Kumbukeni pia: hauambukizi, wala haukuletwa na jirani. Kuumwa kichwa peke yake mara nyingi si saratani. Lakini kichwa kikizidi kuuma siku hata siku pamoja na kutapika, au mtu mzima akianza kuanguka kifafa, au upande mmoja ukilegea, mpelekeni hospitali upesi.

Maswali ya darasani:
1. Daktari Bennett alijuaje mahali pa uvimbe?
2. Kwa nini kisu peke yake hakitoshi?

Kwaherini mpaka somo lijalo.