Bendera Zilizobaki Nje ya Legend

Mwezi Mei 2024 ilitimia miaka 40 tangu kampuni ya Island Records ya London ilipoitoa Legend, albamu ya vibao vya Bob Marley and the Wailers ambayo hadi leo hakuna albamu nyingine ya rege iliyouzwa kuishinda, kwani nakala zake zimekwisha kupita milioni 25 duniani kote. Maadhimisho hayo yaliangukia mwaka uleule ambao filamu ya maisha ya msanii huyo, Bob Marley: One Love, ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema, kwa hiyo sifa zilimiminika kutoka kila upande, lakini katika sifa hizo hazikusikika sana habari za namna albamu yenyewe ilivyoundwa. Legend ilijengwa kwa kupunguza: ilipangwa ili ipokewe na msikilizaji wa vitongoji vya Uingereza ambaye hakuwa na habari na rege, na katika kumwandalia msikilizaji huyo mapokezi, mgeni wa kwanza kuombwa abaki nje ya mlango alikuwa Afrika.

Albamu ya vibao ni mkusanyo wa nyimbo zilizokwisha kutoka na kuvuma, ambazo kampuni huzitoa tena zikiwa pamoja bila kugharimia studio wala kumsubiri mtunzi apate la kuimba. Mfano uliofungua njia ni ule wa mwaka 1958, wakati kampuni ya Columbia ya Marekani ilipokosa nyimbo mpya za Johnny Mathis, ambaye alikuwa safarini, ikakusanya zile za zamani katika santuri moja, nayo ikakaa katika orodha ya mauzo ya jarida la Billboard kwa wiki 490. Kwa kawaida msanii aliye hai huwa na neno lake katika mkusanyo wa aina hiyo, hata kama neno lenyewe ni la kulalamika tu. Legend ilikusanywa wakati mwenye nyimbo yumo kaburini miaka mitatu, tena akiwa amefariki bila kuacha wosia, hali iliyoiingiza mirathi yake katika kesi za miaka mingi mahakamani.

Historia ya Marley mwenyewe inajulikana na haihitaji kurefushwa: alizaliwa Nine Mile, Jamaika, tarehe 6 Februari 1945, akaanzisha kundi la Wailers jijini Kingston pamoja na Peter Tosh na Bunny Wailer mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaingia Island, kampuni ya Chris Blackwell, mwaka 1972, akanusurika risasi nyumbani kwake Desemba 1976, akahamia London na kurekodi Exodus, kisha akafariki kwa saratani mjini Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Mtu wa kuangaliwa katika habari hii ni Dave Robinson, Mwairishi aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ndogo ya Stiff Records, ambaye Blackwell alimkabidhi uendeshaji wa Island kuelekea mwaka 1984. Robinson alikuwa muuzaji kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mwaka 1982 aliufikisha mkusanyo wa vibao vya kundi la Madness katika nafasi ya kwanza ya mauzo ya Uingereza kwa msaada mkubwa wa matangazo ya televisheni, na alipofungua vitabu vya Island alishangazwa na udogo wa mauzo ya msanii ambaye jina lake lilikuwa kubwa kiasi kile. Kwa maelezo aliyoyatoa yeye mwenyewe miaka mingi baadaye, Exodus ya mwaka 1977, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiongoza, ilikuwa imeuza takriban nakala 650,000 Marekani na hata 200,000 haijafika Uingereza, ilhali yeye aliamini kwamba mkusanyo mmoja uliopangwa vizuri ungeweza kuuza nakala milioni moja katika nchi hiyo moja tu.

Ili kujua kikwazo kiko wapi, Robinson aliagiza utafiti wa soko, yaani kazi ya kuwakutanisha wanunuzi wa kawaida katika vikundi vidogo, kuwasikilizisha bidhaa na kuandika wanachokipenda na kinachowakera kabla bidhaa haijafika dukani. Walioulizwa walikuwa Wazungu wa vitongojini, watu wenye nyumba zao, mashine nzuri ya santuri sebuleni na pesa ya kununua albamu, na majibu yao yaliamua mambo mengi kuliko neno la mwanamuziki yeyote. Ilibainika kwamba hawakumchukia Marley hata kidogo, sauti yake waliipenda na baadhi ya nyimbo zake walikuwa wakizijua, lakini neno lenyewe rege liliwatia wasiwasi, na picha ya mtu wa hasira anayedai haki za watu weusi iliwaweka mbali zaidi. Robinson hakujaribu kuwabadilisha mawazo, alibadilisha kifurushi. Neno rege likaepukwa katika matangazo, na nyimbo zikachujwa hadi ukapatikana mfuatano ambao vikundi vile viliusikiliza bila kushtuka. Kwa jalada ilichaguliwa picha ya mpiga picha Adrian Boot, inayomwonyesha Marley ametulia, mkono ukiwa karibu na mdomo kama mtu anayetafakari jambo la faragha, bila kipaza sauti, bila jukwaa na bila ngumi iliyoinuliwa.

Inafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya simulizi hii imetoka kwa muuzaji anayeeleza mauzo yake mwenyewe, na wauzaji hawajulikani kwa kujipunja. Hata hivyo ushahidi ulio mkononi unamuunga mkono, na ushahidi huo ni orodha ya nyimbo iliyo nyuma ya jalada. Santuri ya mwaka 1984 ilikuwa na nyimbo 14, na kati ya hizo tano zilitoka katika Exodus peke yake, mbili katika Kaya ya mwaka 1978, albamu ambayo baadhi ya wahakiki waliilaumu kwa upole wake, na zilizosalia ziliokotwa kidogo kidogo katika albamu nyingine. Rastaman Vibration ya mwaka 1976 haikutoa hata wimbo mmoja, na kwa hiyo ukakosekana War, ambao maneno yake yalichukuliwa katika hotuba aliyoitoa Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Oktoba 1963. Survival ya mwaka 1979 nayo haikutoa hata mmoja.

Kukosekana kwa Survival ndiko kunakopaswa kumkera msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu hiyo ndiyo albamu ambayo Marley aliifanya huku akilitazama bara hili waziwazi. Mwishoni mwa mwaka 1978 alikanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza, akianzia Kenya na kuendelea hadi Ethiopia, nchi takatifu kwa wafuasi wa Rastafari, imani iliyozuka Jamaika katika miaka ya 1930 na inayomtukuza Haile Selassie na kuihesabu Afrika kuwa nyumbani ambako wazao wa watumwa watarejea. Aliporudi Kingston, msanii Neville Garrick alibuni jalada ambalo halina sura ya Marley hata kidogo: uso wote umejaa bendera za nchi huru za Afrika, safu chini ya safu, Tanzania na Kenya zikiwamo, bendera ya makaburu wa Afrika Kusini imeachwa kwa makusudi, na Zimbabwe, ambayo ilikuwa bado vitani, imewakilishwa na bendera za vyama vya ukombozi vya ZANU na ZAPU. Mahali pa jina la albamu umepita utepe wenye mchoro wa zamani wa meli ya watumwa iitwayo Brookes, miili imelazwa ubavu kwa ubavu kama samaki kwenye tenga, na anayeshika santuri hiyo mkononi hawezi kuzitazama bendera bila kuiona meli.

Ndani ya santuri hiyo mlikuwa na Africa Unite na Zimbabwe, na huu wa pili haukuishia kuwa wimbo wa kusikilizwa tu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, bendera ya Waingereza iliposhushwa katika uwanja wa Rufaro mjini Salisbury, jiji ambalo baadaye liliitwa Harare, Marley alikuwa jukwaani na vyombo alivyovisafirisha kutoka London kwa gharama zake mwenyewe. Watu waliokuwa nje ya uwanja walijaribu kuingia kwa nguvu, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, moshi ukasambaa hadi jukwaani na onyesho likakatika kwa muda, kisha Marley akarudi akaendelea, na baadaye akapiga onyesho la pili kwa ajili ya wananchi ambao mara ya kwanza walikosa nafasi. Kwamba wimbo wenye historia ya namna hiyo haukuhesabiwa kuwa kibao miaka minne baadaye ni jambo linaloeleza vizuri neno kibao lilikuwa likipimwa kwa masikio ya nani.

Wanaoitetea Legend wana hoja, na hoja zao si nyepesi. Get Up, Stand Up umo, I Shot the Sheriff umo, na Buffalo Soldier, unaosimulia askari weusi wa Marekani waliotokana na watu waliotekwa Afrika, umo pia. Tena katika Redemption Song, ambao Marley anauimba peke yake kwa gitaa lisilo na umeme, yamo maneno yaliyotoka katika hotuba ya mwaka 1937 ya Marcus Garvey, mwanaharakati wa Jamaika aliyetetea watu weusi, kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba Garvey alipenya ukaguzi wa vitongojini kwa sababu alikuja bila ngoma. Wapo pia wanaokumbusha kwamba vijana wengi walianza na albamu hii ya upole na kisha wakazitafuta zile kali, na kwamba bila Robinson huenda Marley angebaki mwanamuziki wa wachache wanaomjua. Yote hayo yanakubalika, isipokuwa dhana kwamba kilichoachwa kiliachwa kwa kukosa nafasi, kwa maana wimbo wa mapenzi ulipata nafasi kila ulipoihitaji.

Mauzo yalikwenda kama muuzaji alivyotabiri. Albamu ilikaa wiki 12 katika nafasi ya kwanza Uingereza, ikisukumwa na matangazo ya televisheni na video mpya ya One Love iliyoongozwa na Don Letts, ambamo Paul McCartney alipita mbele ya kamera pamoja na wanamuziki wengine waliokuwa wakipendwa na vijana wa wakati huo. Marekani ilichelewa, kwani huko haikupanda zaidi ya nafasi ya 54 katika mwaka huo wa kwanza, lakini haikukoma kuuzika, na wanafunzi wa vyuo waliendelea kuinunua kizazi baada ya kizazi. Ilifika nafasi ya tano Septemba 2014, miaka 30 baada ya kutoka, wakati duka la mtandaoni la Google lilipoiuza kwa senti 99, na kufikia mwaka wa maadhimisho ilikuwa imekaa katika orodha ya Billboard kwa zaidi ya wiki 800.

Katika miji ya Afrika Mashariki habari zilikuwa za namna nyingine, maana hapa muziki wa nje katika miaka ya 1980 ulitembea kwa kanda, yaani kaseti, na nyingi kati ya hizo zilirudufiwa katika vibanda ambako mteja aliacha kanda tupu asubuhi na kuichukua jioni ikiwa imejaa. Muuza kanda mwenye akili aliona faida ya mkusanyo ambao hauna wimbo wa kurukwa, na kwa njia hiyo Marley aliyepangwa kwa ajili ya sebule za London akawa ndiye Marley wa stendi, saluni na matatu. Kejeli iliyopo si ndogo: mtu aliyeipa bendera ya Tanzania nafasi kwenye jalada lake aliwafikia Watanzania wengi kupitia kanda ambayo bendera zile hazikutakiwa, na hadi leo uso wake umechorwa kwenye vioo vya mabasi na fulana za mitumba na watu ambao hawajapata kuisikia Survival hata upande mmoja. Redio zetu hazina kisingizio cha vikundi vya utafiti, lakini kila ifikapo tarehe 11 Mei hupiga nyimbo zilezile.

Island yenyewe ilijaribu kusawazisha mizani. Mwaka 1986 ilitoa mkusanyo wa nyimbo za kisiasa ulioitwa Rebel Music, War ukiwamo, ambao mauzo yake hayakukaribia kabisa yale ya Legend, na mwaka 1995 ikatoa Natural Mystic, ambayo ilizirudisha War na Africa Unite kwa wanaozitaka. Mwaka 2005 familia ya Marley iliadhimisha kuzaliwa kwake kwa tamasha kubwa jijini Addis Ababa lililopewa jina la Africa Unite.

Legend nayo ilifunguliwa tena. Katika toleo la mwaka 2002, kwa kuwa diski ya kisasa hubeba muda mrefu kuliko santuri, nyimbo zikaongezwa kutoka 14 hadi 16, na nafasi hizo mbili, ambazo zingetosha kwa War na Zimbabwe, zikapewa Easy Skanking, wimbo wa kujinyoosha na kuvuta moshi taratibu uliotoka katika Kaya, na Punky Reggae Party, unaohusu karamu ya vijana wa London.