Sigara Ilivyoingia Nyumbani, na Jinsi ya Kumsaidia Anayeiacha

Mada yetu leo ni mtu wa nyumbani anayetaka kuacha sigara: baba watoto, kaka, kijana wako au hata nyanya. Wengi huuliza, "Mbona asiache tu?" Ili tupate jibu, tuangalie kwanza sigara ilitufikia vipi.

Tumbaku ni mmea uliotoka bara la Amerika. Ulivuka bahari baada ya mwaka wa 1492, ukaletwa Afrika na wafanyabiashara. Wazee wetu walivuta kiko na kunusa ugoro, na mgeni akija alikaribishwa nao. Baadaye ikaja sigara ya kiwandani. Kampuni ya British American Tobacco ilianza biashara Kenya mwaka wa 1907.

Katika miaka ya 1970, wakulima wa upande wa Teso na Bungoma walianza kulima tumbaku kwa mkataba, na Malakisi pakawa na kituo cha kuinunua. Akina mama na watoto walichuma majani na kutafuta kuni za kuyakausha. Pesa zake zililipa karo. Basi tumbaku haikuonekana kuwa adui. Mtoto alitumwa dukani kununua sigara moja, kisha akaambiwa alete kaa la moto kutoka jikoni.

Lakini ukweli ulikuwa umeshajulikana. Mwaka wa 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha huko London kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu. Kenya iliidhinisha mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka wa 2004. Sheria yetu ilipitishwa 2007 na kuanza kutumika Julai 2008. Inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma na kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulipata watu wazima wapatao milioni 2.5 wakitumia tumbaku. Kati ya wanaume, ilikuwa karibu mmoja kwa kila watano.

Mama, sigara haikuingizwa nyumbani na mtu mmoja, wala mtu mmoja hataitoa peke yake. Askari anaweza kumkataza mvutaji kwenye steji, lakini hawezi kulinda mlango wako. Na humo ndani ndimo alimo mtoto mchanga, ambaye moshi humwongezea hatari ya nimonia na pumu.

Fahamu pia kwamba tumbaku ina nikotini, ambayo mwili huizoea. Ikikosekana, mtu huwa na hasira, hukosa usingizi, huumwa na kichwa na kuhisi njaa. Hali hii huwa kali zaidi wiki ya kwanza, kisha hupungua kwa wiki mbili hadi nne. Akikufokea siku hizo, usidhani amekudharau. Mwili wake unadai.

Fanya hivi:

1. Chagueni pamoja siku ya kuacha. Ondoeni pakiti, kopo la majivu na ugoro.

2. Usimtume mtoto tena kununua sigara, na mwombe mgeni avutie nje, mbali na nyumba.

3. Hamu ikimshika, kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Mpe maji, kipande cha muwa atafune, au kazi ya mikono.

4. Msifu kwa kila siku inayopita. Usimwaibishe mbele ya watoto au wakwe.

5. Mwende pamoja kituo cha afya. Dawa za kumpunguzia hamu ya nikotini ziliwekwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2009. Mwulize mhudumu kama zinapatikana.

Akirudia sigara, usikate tamaa. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwulize kilichomrudisha, kisha mpange siku nyingine. Akidumu mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa karibu nusu.