Nani Aliizamisha Götzen? Vita vya Meli Katika Ziwa Tanganyika, 1914–1916

Mgeni akiulizia MV Liemba bandarini Kigoma, mara nyingi husimuliwa mambo mawili: kwamba hii ni manowari ya Kijerumani iliyozamishwa na Waingereza, na kwamba ndiyo iliyoigiza katika sinema ya The African Queen. Yote mawili si kweli. Riwaya ya C. S. Forester ilitoka mwaka 1935, na sinema ya John Huston ya mwaka 1951 ilipigwa Uganda na Kongo, mbali na ziwa hili. Ama meli yenyewe, ilipokuwa ikiitwa Graf von Götzen haikupambana na boti za Waingereza hata siku moja. Hata hivyo hadithi inaendelea kuchapwa, na kila inapochapwa tena, watu wa mwambao huu wanazidi kufutwa.

Habari za Ujiji zinajulikana: misafara ya pembe na watumwa, Tippu Tip, Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871. Kisichosemwa sana ni kwamba reli kutoka Dar es Salaam ilipofika ziwani Februari 1914, haikuishia Ujiji. Ilipelekwa Kigoma, kwenye ghuba yenye kina na iliyokingwa na vilima, na mji mkongwe ukabaki pembeni. Vita iliyofuata miezi michache baadaye ilitegemea reli hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Wajerumani walianza mapema. Tarehe 22 Agosti 1914 Hedwig von Wissmann, meli ndogo iliyokuwa ziwani tangu mwaka 1900, iliishambulia kwa mizinga meli ya Wabelgiji, Alexandre Del Commune, upande wa Lukuga, ilipo Kalemie ya leo. Kisha ikaletwa Kingani, boti la kuvuta meli lililopakiwa kwenye treni kutoka Dar es Salaam. Vyombo viwili ambavyo baharini visingetazamwa mara ya pili vikalitawala ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650.

Götzen ilikuwa jambo jingine. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg kwa ajili ya abiria na mizigo, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari na kupandishwa treni hadi Kigoma ili iungwe upya. Jina ilipewa la gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Mafundi watatu wa Kijerumani walikuja nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yamehifadhiwa na Papenburg inayaenzi mpaka leo. Vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi waliofanya kazi pamoja nao hawakubahatika hivyo, ingawa kazi ilikuwa yao kwa sehemu kubwa. Kuunga meli kwa ribiti si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anachochea makaa, mwingine anaikamata ribiti iliyoiva wekundu kwa koleo na kuichomeka tunduni kabla haijapoa, wa tatu anaikinga kwa chuma kizito, wa nne anaishindilia kwa nyundo mpaka kichwa kilale bapa juu ya bati. Akikosea mmoja wao, maji yanapita. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915 na kufanyiwa majaribio Juni, na bado inaelea. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa ustadi wa mikono iliyoiunga.

Ilipokamilika ilifungwa mzinga wa sentimita 10.5 uliookolewa kutoka manowari ya Königsberg, ile iliyoteketea katika delta ya Rufiji Julai 1915. Sasa Wajerumani wangeweza kuhamisha mamia ya askari kutoka Kigoma hadi kusini mwa ziwa kwa muda wa siku mbili tatu.

Hapa ndipo vitabu vya Kiingereza humwingiza Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeongoza msafara wa boti kwenda ziwani. Watunzi wamemshiba: sketi aliyovaa, michoro ya chale mwilini, majigambo yake mezani, na masimulizi kwamba wenyeji Waholoholo walimfanya mungu wao. Hilo la mwisho halistahili kupewa nafasi. Linatoka kwa wageni waliokaa ufukweni miezi michache, wakiwaandika watu ambao hawakuulizwa neno.

Chanzo kinachofaa kusomwa kwa utulivu ni makala ya Frank J. Magee, mmoja wa watu wa msafara huo, iliyochapwa na National Geographic Oktoba 1922. Hutajwa kwa ajili ya visa vya mapigano, lakini thamani yake iko kwenye safari. Boti mbili za mbao, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa kama mita 12, ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikafika Cape Town kwa meli na Katanga kwa treni. Kuanzia Fungurume reli ilikwisha. Kwa majuma kadhaa, kati ya Agosti na Septemba, boti zilikokotwa kuvuka milima ya Mitumba kwa injini za mvuke na kwa maksai. Njia ilifyekwa, miti ikaangushwa, madaraja zaidi ya mia yakajengwa kwa magogo. Injini zilipokaukiwa na maji, wanawake wa vijiji vya njiani ndio waliotwika mitungi kichwani, wakatembea mwendo mrefu ili maboila yapate mvuke. Ondoa wanawake wale na hakuna kikosi cha wanamaji cha kusimuliwa. Majina yao hayamo katika makala.

Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani, iliyoweza kupiga mbele tu, ilifuatwa kwa nyuma na kutekwa ndani ya dakika zipatazo kumi na moja. Ikapewa jina la Fifi. Kiongozi wake, Junge, aliuawa. Ndani walikuwamo pia mabaharia Waafrika, na inaumiza kuona kwamba mbuzi aliyekuwa chomboni ameandikwa kwa upendo kuliko wao. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Götzen ilipojitokeza baada ya hapo kuitafuta, watu wa Spicer-Simson walitaka kutoka kuikabili. Yeye alikataa.

Wapo wanaomtetea, na utetezi wao una uzito: mzinga wa Götzen ungezisambaratisha boti zake kabla hazijaikaribia. Basi wakubali pia linalofuata. Aliyekataa kupigana na meli hawezi kuwa ndiye aliyeizamisha.

Wabelgiji nao wana madai yao. Ndege zao za majini, zilizoletwa kwa vipande kutoka Uingereza, zilidondosha mabomu juu ya Kigoma katikati ya mwaka 1916, na marubani wakaandika kwamba Götzen ilipigwa. Iwe ilipigwa au la, haikuzama kwa bomu. Wakati huo mzinga wake mkubwa ulikuwa tayari umeng'olewa kupelekwa kwenye mapambano ya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa bandia.

Kilichoimaliza kilikuja kwa miguu. Majeshi ya Jenerali Tombeur wa Ubelgiji, ambayo wengi wa askari wake walikuwa Wakongo na mizigo yake ikibebwa na makumi ya maelfu ya wapagazi, yaliteremka kutoka Ruanda na Urundi kuelekea reli ya kati. Reli ikikatwa, Kigoma inakuwa mtego, na meli haina makaa, risasi wala pa kukimbilia. Kamanda wa Wajerumani ziwani, Gustav Zimmer, aliliona hilo. Tarehe 26 Julai 1916 injini zilipakwa grisi nzito, meli ikajazwa mchanga, ikazamishwa taratibu na watu wake wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Wabelgiji waliingia Kigoma siku mbili baadaye, na Tabora ilianguka Septemba. Mafundi wa Papenburg waliosimamia upakaji wa grisi walitaka meli iweze kuibuliwa, na mtu asiyetarajia kurudi hahangaiki hivyo.

Vita vya Ziwa Tanganyika vimebaki kisa cha kuchekesha cha maofisa wa ajabu, wakati uzito wake wote ulibebwa vichwani na mabegani kwa watu wa nchi hizi.

Wabelgiji waliiibua Götzen, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Miaka ya baadaye ilizoeleka Kipili, Karema, Kasanga mpaka Mpulungu, mitumbwi ikiifuata katikati ya maji kupokea abiria mahali pasipo na gati. Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi Kongo, na Mei 2015 ilikwenda Kagunga mara kwa mara kuwachukua Warundi waliokuwa wamejazana ufukweni na kuwaleta Kigoma.

Kazi iliyobaki ni ya wanahistoria wa Kigoma: kutafuta orodha za mishahara ya vibarua wa 1914 na 1915, na kuzihoji familia za Ujiji, Kibirizi na Bangwe kama wamo wazee waliorithi habari za karakana ilipoungwa Götzen.