Dhamana ya Nahodha na Ulimi wa Baharia

Desturi ya bahari imempa nahodha mamlaka makubwa, na kwa kipimo kicho hicho imemtwika dhamana kubwa. Wahenga walisema kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Neno hilo ni kweli. Lakini halina maana kwamba chombo chatosheka kwa jicho moja. Mkasa uliotokea karibu na visiwa vya Hawaii wadhihirisha jambo hili.

Tarehe 9 Februari, 2001, nyambizi ya Marekani iitwayo Greeneville ilikuwa kusini ya kisiwa cha Oahu, imechukua raia 16 waliokuja kuitazama. Ili wageni waone nguvu zake, nahodha Scott Waddle aliamuru iibuke kwa ghafula kutoka kilindini. Ilipoibuka, usukani wake ulipasua Ehime Maru, meli ya shule ya uvuvi ya Uwajima katika Japani. Meli ilizama kwa dakika chache. Katika watu 35 waliokuwamo, 26 waliokolewa na 9 walikufa. 4 katika wafu hao walikuwa wanafunzi.

Baraza la uchunguzi liliketi Pearl Harbor mwezi wa Machi. Ilidhihirika kuwa nahodha alifanya haraka, na kwamba bahari ilitazamwa kwa darubini muda mfupi kuliko ipasavyo. Lakini ilidhihirika pia kwamba baharia mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kukadiria umbali wa vyombo vya jirani, alikuwa na hesabu iliyoonyesha kuwa meli inakaribia. Hakusema. Wageni walikuwa wamesongamana karibu naye. Na nahodha alipotazama asione kitu, baharia aliliamini jicho la mkubwa kuliko hesabu yake mwenyewe.

Basi nani wa kujibu? Mwezi wa Aprili nahodha alipewa barua ya karipio na adhabu ya kukatwa nusu ya mshahara kwa miezi miwili, adhabu ambayo utekelezaji wake uliahirishwa. Hakupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwaka uo huo alistaafu. Wengine wachache walionywa. Kwa wafiwa wengi adhabu hiyo ilikuwa nyepesi mno. Mwezi wa Desemba, 2002, Waddle alisafiri hadi Uwajima kuwaomba radhi na kuwaheshimu wafu.

Ni haki nahodha kujibu kwanza, maana yeye ndiye aliyeruhusu wageni wazibe njia ya kazi, na yeye ndiye awezaye kuwazoeza watu wake kusema au kunyamaza. Lakini tukimwachia yeye peke yake mzigo wote, twamfundisha baharia kuwa kimya ni salama. Tukimtwika baharia, twamfundisha mkubwa kujificha nyuma ya mdogo. Heshima kwa mkubwa ni pambo jema la chomboni. Lakini heshima imzuiayo mtu kutamka hatari aionayo si heshima tena. Wanafunzi wanne wa Uwajima walihitaji sauti moja tu, nayo ilikuwamo chomboni.