Kutoka Karema hadi Sumbawanga: Historia Fupi ya Tiba ya Dkt. Atiman

Hospitali ya Dkt. Atiman, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga, imepewa jina la mtu ambaye hakuzaliwa huko Ufipa wala popote pale Tanganyika. Adrian Atiman alizaliwa mnamo 1866 kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Angali mtoto alitekwa na Watuareg, akavushwa Jangwa la Sahara na kufikishwa Algeria. Huko Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, wakamkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha.

Mkuu wao, Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika hilo Algiers mwaka 1868, alikuwa na wazo ambalo kwa enzi zile lilikuwa la kijasiri. Aliona vijana wa Kizungu wakifika Maziwa Makuu na kuzikwa mapema kwa homa. Kwa nini basi Waafrika wasifundishwe udaktari na ukatekista, wakaoe, wajenge na kuishi kati ya watu kama wenyeji? Mwaka 1881 alifungua chuo kisiwani Malta, na Atiman akawa miongoni mwa vijana waliopelekwa kusomea tiba huko. Alisoma kwa miaka saba.

Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko pwani Abushiri alikuwa bado anapambana na Wajerumani, na bara misafara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Karema yenyewe ilikuwa boma. Lilijengwa kuanzia 1879 na Wabelgiji wa Mfalme Leopold, na mwaka 1885 likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Waliokuwa wakiishi pale ni watoto waliokombolewa, akina mama waliotoroka mabwana zao, na familia zilizokimbia vita. Ng'ambo ya ziwa Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alilinda misheni kwa bunduki. Huku upande wa Karema, daktari kijana aliyewahi kuwa mtumwa aliwatibu watu waliopitia yaleyale yaliyompata yeye. Wengi husimulia habari za Joubert kwanza, kwa sababu bunduki ina kishindo. Lakini historia ya huduma za jamii katika nchi hii inaanzia kwenye chumba cha dawa.

Na kazi haikuwa haba. Miaka ya mwanzo ya 1890 funza waliingia kutoka magharibi. Mtu asiyejua kuwachokoa kwa sindano alipoteza vidole vya miguu. Ndui ilikuwepo, sotoka ilimaliza ng'ombe, na baadaye malale yakaenea mwambaoni mwa ziwa. Mfipa wa uwandani aliyetaka tiba ya Karema alitoka kwenye baridi ya mita 1,800 hivi, akashuka zaidi ya mita elfu moja hadi kwenye joto la ziwani. Asiyeweza kutembea alibebwa kwa machela. Ni safari ya kumchosha hata mzima.

Atiman alimwoa Agnesi Wansahira, wa ukoo wa kichifu wa Wabende. Ndoa hiyo ilimfunga na nchi kuliko mkataba wowote, na mtoto wao Yosefu akawa padre. Mwaka 1907 Askofu Adolphe Lechaptois alianzisha Karema shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Masista hao wamewauguza wagonjwa, wamewalea yatima na kuwafundisha wasichana kwa zaidi ya karne moja. Wanastahili historia yao wenyewe, ndefu kuliko hii.

Bendera zilibadilika: Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja. Daktari alibaki palepale. Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake, aliyoisimulia mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa mtu aliyevushwa jangwa utotoni kama bidhaa, hilo si jambo dogo. Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya kuwatumikia watu wa ziwani kwa miaka 67. Jijini Dar es Salaam pia lipo jengo lenye jina lake, Atiman House, ingawa wengi hulipita bila kuuliza Atiman ni nani.

Yaliyofuata yanatajika kwa haraka. Mwaka 1958 Jimbo la Karema lilimpata Askofu Charles Msakila, mwana wa nchi. Mwaka 1969 jimbo likaitwa Sumbawanga, na kitovu cha huduma nyingi kikawa huko juu uwandani. Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ukazaliwa. Askofu Msakila alifariki 1994, na kiti kikabaki wazi hadi 1997 alipokuja Askofu Damian Kyaruzi. Hiyo ilikuwa miaka ya subira, na huduma ziliendelea. Mwaka 2018 akafuata Askofu Beatus Urassa. Katikati ya yote wapo wauguzi, matabibu, madereva na wafua mashuka waliokesha zamu baada ya zamu, hata kama majina yao hayakuenea hapa.

Jimbo la Mpanda liliundwa mwaka 2000 na Mkoa wa Katavi mwaka 2012, na Karema ikaangukia huko. Kwa hiyo hospitali yenye jina la Atiman na mahali alipofanyia kazi maisha yake yote sasa viko katika mikoa miwili na majimbo mawili. Anayetaka kufuatilia nyayo za daktari huyu itambidi apite ofisi za pande zote mbili.